Theluji Kule Juu, Tope Korbesa

Mapema Septemba 2008 kilima kimoja cha Busara, karibu na Nyahururu, kiligeuka cheupe. Watu walimiminika kukitazama, wakachota ule weupe kwa viganja, na habari zikaenea hadi ng'ambo kwamba theluji imeanguka Kenya, jirani kabisa na Ikweta. Wataalamu wa hali ya hewa walikuja na maelezo yaliyopunguza utamu wa habari: ilikuwa mvua ya mawe, punje ndogo zilizoshikamana zikawa tandiko moja, baada ya hewa baridi kutoka Bahari ya Hindi kukutana na hewa ya joto kutoka upande wa Kongo. Tandiko lile likayeyuka, na mjadala ukayeyuka nalo.

Maji yake yalikwenda wapi, hilo halikuwa na mwulizaji. Nyahururu umesimama kando ya Ewaso Narok, mto unaodondoka kwenye maporomoko ya Thomson. Ukitoka hapo hauelekei baharini. Unakata nyanda za Laikipia, unaungana na Ewaso Ng'iro, nao unashuka kaskazini na mashariki, unapita kati ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, unafika Archers Post, unaingia nchi kavu, unaifikia Merti, kisha Korbesa, na mwisho unamezwa na kinamasi cha Lorian.

Korbesa ni makazi ya Waborana, wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, katika eneo la Merti, kaunti ya Isiolo. Joto la mchana pale hupita nyuzi 30 bila taabu. Theluji haina njia ya kufika ikiwa theluji. Lakini Korbesa ina majira yake ya utelezi, ina barabara zake zinazofungwa kwa hali ya hewa, na hata baridi inayoua inayo. Tena kwa sehemu kubwa mambo hayo huamuliwa mbali, kwenye milima ambayo mzee wa Korbesa anaweza kufa bila kuikanyaga, na katika ofisi ambazo watumishi wake wengi hawajawahi kufika Korbesa.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni wa Waso, yaani bonde la Ewaso Ng'iro, ni mafuriko ya jua kali. Anga haina wingu, vumbi linatimka, mbuzi wametafuta kivuli, na mto uliokuwa mchanga mtupu unashuka na magogo, majani makavu na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mvua imenyesha Aberdare au Mlima Kenya siku kadhaa nyuma. Wa chini wanapokea taarifa yake kwa miguu. Kwa hiyo tangu zamani wakazi wa bonde hili wamejifunza kutazama pande mbili: juu kwa ajili ya wingu lao, na magharibi kwa ajili ya wingu la wenzao.

Theluji yenyewe ilichukua muda kukubalika kwa watu waliojiona wanaijua kuliko wote. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Mwenzake Johann Ludwig Krapf, aliyefika Ukambani kwa mwaliko wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara ya pembe, akauona Mlima Kenya akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849. London haikusadiki. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyechora Afrika akiwa kwenye kiti chake, alishikilia kwamba barafu karibu na Ikweta ni ndoto za wamisionari. Wakamba na Wakikuyu walikuwa wakiutazama mlima huo kila asubuhi iliyokuwa na anga safi, lakini ushahidi wao haukuhesabiwa. Ubishi haukuisha hadi wasafiri wengine walipopanda. Mwaka 1893 J. W. Gregory aliufikia mto wa barafu ulioitwa Lewis, na mwaka 1899 Halford Mackinder akasimama juu ya Batian, mita 5,199, pamoja na waongozaji wake wawili kutoka milima ya Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel.

Gregory alikuwa na wapagazi kutoka Zanzibar. Aliandika kwa mzaha jinsi walivyoyakuta maji ya kupikia yameganda asubuhi, wakadai yamerogwa. Mzaha huo umerudiwa mara nyingi, na haustahili. Mtu aliyelelewa penye karafuu na minazi akayakuta maji yamekuwa jiwe ana haki ya kutafuta maelezo kwanza, na maelezo yake hayakuwa ya ajabu zaidi ya yale ya Cooley aliyekataa barafu iliyoonekana kwa macho.

Wakati huohuo msafara mwingine ulikuwa chini bondeni, ukifuata maji ya mlima huo yanakoishia. Tajiri kijana wa Marekani, William Astor Chanler, na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria na Hungaria aliyekwisha kupita Afrika Mashariki na kabaila Teleki, walitoka pwani na wapagazi wao, wakaufuata Ewaso Ng'iro mwishoni mwa 1892 na mwanzoni mwa 1893. Walikuwa wamesikia habari za ziwa kubwa liitwalo Lorian. Walipofika walikuta kinamasi: matete, matope na maji yaliyosimama. Chanler aliondoka amevunjika moyo, na maporomoko aliyoyapita njiani yanabeba jina lake mpaka leo. Kosa lake lilikuwa la kawaida kwa wageni. Lorian hubadilika ukubwa kulingana na mvua za mlimani. Aliyeiona mwaka wa mafuriko husimulia ziwa, aliyefika mwaka wa kiangazi husimulia uwanja wa nyasi. Wafugaji waliokuwa wakipeleka wanyama huko walijua yote mawili, na hawakuhitaji kuchagua moja la kuandika kwenye ramani.

Waborana wa Waso walikuja kutawala malisho ya bonde hili kwa wingi katika miaka ya 1930, baada ya utawala wa Kiingereza kuwaondoa kwenye visima vya Wajir walikokuwa wakisukumana na Wasomali. Walikuja na kalenda yao. Ganna ni mvua kuu, kuanzia Machi hivi hadi Mei. Inafuata adolessa, majira makavu ya upepo na ubaridi. Hagaya ni mvua fupi za Oktoba na Novemba, na baada yake huja bona, kiangazi kikali cha kufungua mwaka. Malisho yaligawanywa kwa majira hayo chini ya dedha, baraza la wazee linaloamua eneo gani lichungwe lini, na visima vikawa na msimamizi wake, aba herega. Mto ulikuwa wa kiangazi. Mvua ikinyesha, mifugo ilitakiwa iondoke kando ya Waso, iende mbali kwenye mabwawa ya muda, ili nyasi za mtoni zipumue.

Mgawanyo huo ulikuwa pia sheria ya usalama barabarani, ingawa haikuitwa hivyo. Aliyebaki mtoni wakati wa mvua alikuwa hatarini kukwama au kusombwa.

Tena kuna suala la ngamia. Watu wa pwani humsifu kama chombo cha jangwa kisichoshindwa, lakini mwenye ngamia anajua udhaifu wake: ni tope. Unyayo wake mpana na laini umeumbwa kwa mchanga; kwenye udongo mweusi uliolowa hauna cha kushikilia. Miguu hutanuka kila mmoja upande wake, mnyama mwenye mzigo huanguka kifudifudi, na nyonga ikipasuka kinachobaki ni kisu. Ndiyo maana misafara ya kaskazini ilikuwa ikisimama mvua inaponyesha, hata ikiwa maji na majani yamejaa na safari ingeonekana rahisi. Punda alivuka alipoweza. Ngamia alishushwa mizigo, akangoja jua.

Na baridi? Mwaka wa ukame mrefu, mvua ya kwanza husubiriwa kwa dua, nayo huja na msiba wake. Mbuzi na kondoo waliobaki mifupa na ngozi hawana mafuta ya kuwakinga. Wakinyeshewa usiku mzima na upepo ukawapiga, asubuhi hukutwa wamelala zizini, wamekufa kwa baridi mahali ambapo wiki iliyotangulia walikuwa wakifa kwa njaa na joto. Hakuna mfugaji wa kaskazini asiyeijua hasara hiyo. Kama Korbesa ina majira ya baridi kwa maana wanayoielewa watu wa Ulaya, yaani majira yanayoua kiumbe dhaifu nje ya nyumba, basi ni usiku huo mmoja au miwili.

Serikali ya kikoloni iliifikia nchi hii kwa nia ya kuifunga. Sheria ya Wilaya za Nje ya 1902 iliruhusu eneo kufungwa, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Kituo cha Archers Post kilianzishwa mwaka 1909 na Geoffrey Archer, kikabaki na jina lake. Mwaka 1934 sheria nyingine, ya Wilaya Maalumu, iliongeza mamlaka ya maofisa juu ya jamii za wafugaji. Mji wa Isiolo ulikua kwenye mpaka huo, pamoja na Wasomali waliokuwa wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza waliopewa mahali pa kukaa, na karantini ya mifugo iliyozuia ng'ombe wa kaskazini wasikutane na ng'ombe wa walowezi wa Laikipia na Nanyuki. Katika mpango kama huo barabara njema ingekuwa kinyume cha sera. Njia zilikatwa ili ofisa na askari wapite wakati wa jua. Mvua ikinyesha zilifungwa kwa kizuizi, na hakuna aliyeona kuwa ni tatizo la kutatuliwa.

Desemba 1963 inastahili kutazamwa kutoka pande zote mbili za mlima. Usiku wa uhuru Kisoi Munyao, mpanda milima, alipeleka bendera mpya ya Kenya juu kwenye barafu ya Mlima Kenya, na jina lake likaingia katika vitabu vya shule. Kabla mwezi huo haujaisha serikali ilitangaza hali ya hatari katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Isiolo ilikuwa imekwisha kuonja damu: tarehe 28 Juni mwaka huohuo mkuu wa wilaya, Daudi Dabasso Wabera, na chifu Haji Galma Dido waliuawa kwa kuviziwa wakiwa safarini. Nairobi ina barabara ya Wabera katikati ya jiji. Wanaoipita kila siku kwenda benki wengi wao hawajui kwamba aliyeitwa hivyo alifia njiani, kwenye moja ya zile barabara za vumbi.

Vita vya Shifta vilivyofuata, vya waasi waliotaka kujitenga na Kenya, Waborana wa Waso huviita Gaf Daaba, wakati wa kuzuiwa. Watu walikusanywa kwenye kambi za ulinzi, Merti ikiwa mojawapo, pamoja na Garba Tula na Modogashe. Mifugo iliyolundikana kando ya kambi ilimaliza majani na ikafa. Ngamia wengi walipigwa risasi kwa kuwa walihesabiwa kuwa usafiri wa adui. Utaratibu wa dedha wa kuondoka mtoni wakati wa mvua ulivunjika, kwa maana aliyeondoka alionekana shifta. Mkutano wa Arusha wa Oktoba 1967 ulifunga vita baina ya Kenya na Somalia kwenye karatasi. Kanuni za hali ya hatari ziliendelea Isiolo na wilaya za jirani hadi mwaka 1991.

Waliokuwa matajiri wa ngamia walibaki mikono mitupu. Mapema miaka ya 1970, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, serikali ilianzisha miradi ya umwagiliaji kando ya mto, huko Merti na kwingineko, ili mfugaji asiye na mnyama awe mkulima wa mahindi. Wakati huo waraka wa serikali Na. 10 wa 1965 ulikuwa umekwisha kuamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye mvua na rutuba, ambako shilingi ingezaa upesi. Isiolo ya chini haikuwa miongoni mwayo. Lori likachukua nafasi ya ngamia, lakini barabara ya lori haikuja pamoja nalo.

Wasafiri wa Merti wanaijua picha ya lori hilo vizuri. Mbuzi chini, magunia juu yao, abiria juu ya vyuma. Wingu likifunga, dereva anakanyaga mafuta ili avuke laga, mkondo wa msimu, kabla haijajaa. Akichelewa, lori linanasa hadi kwenye ekseli. Utingo anashuka na jembe, abiria wanakata matawi ya migunga na kubeba mawe kuweka chini ya magurudumu, injini inanguruma, gurudumu linazunguka mahali pamoja na kumrushia kila mtu tope. Ikishindikana, watu wanalala hapo. Siku ya pili mzigo wa sukari na unga haujafika, bei dukani inapanda, huku mnunuzi wa mifugo akiwa hajatokea na bei ya mbuzi ikishuka. Tope humkamua mfugaji kwa mikono miwili.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilionyesha jinsi hali ilivyokuwa. Kuanzia Oktoba sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya ilikatika, chakula kikapelekwa kwa ndege, na homa ya Bonde la Ufa ikalipuka Garissa na ng'ambo ya mpaka, ikaua watu na mifugo. Mwanzoni mwa 1998 Saudi Arabia ikapiga marufuku mifugo ya Pembe ya Afrika. Kwa mara nyingine, maji yalikuja mengi na soko likafungwa.

Siku hizi ukizungumzia Waso na watu wa mjini, watakwambia mto unakufa kwa sababu theluji ya Mlima Kenya inaisha. Theluji inaisha kweli. Kati ya 1934 na 2010 mto wa barafu wa Lewis ulipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake. Ule ulioitwa kwa jina la Gregory ulikuwa umetoweka kufikia 2011. Lakini hitimisho lao ni la haraka mno. Barafu ile haikuwahi kuwa tangi la Waso, ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Maji ya kiangazi hutoka kwenye misitu na nyanda zenye unyevu za mlimani, zinazonyonya mvua na kuiachia polepole. Katika miaka ya 1960 mto ulipimwa Archers Post mwezi Februari ukiwa na takriban mita 9 za ujazo kwa sekunde. Kufikia mwisho wa karne ulikuwa karibu mita 1, na kuna miaka ulipokauka kabisa. Katikati ya vipimo hivyo viwili kuna mabomba, mifereji na mashamba ya maua na mboga ya Nanyuki na Timau. Kulilaumu joto la dunia kwa kila kitu ni njia rahisi ya kutomtaja jirani wa juu mwenye pampu.

Wafugaji wenyewe wamemtaja. Tangu 2013 jamii za bonde hili zimekuwa zikiandaa msafara wa ngamia kando ya Ewaso Ng'iro kuutetea mto, pamoja na kupinga bwawa lililopangwa kujengwa Crocodile Jaws. Ngamia aliyepigwa risasi enzi za Daaba amerudi kuwa hoja.

Kwa kulinganisha, katika jiji la Minneapolis, Marekani, wanaishi maelfu ya Waoromo na Wasomali, wengine wao wakiwa na asili ya kaskazini mwa Kenya. Huko theluji ni ya kweli, na barabara huganda zikawa kioo. Lakini utabiri ukitoka, magari ya manispaa hutoka nayo usiku, yanakwangua na kumwaga chumvi, na asubuhi dereva wa teksi anakwenda kazini. Jiji lile lina baridi kali kuliko chochote ambacho Waso inaweza kuwatupia watu wake, na bado mgonjwa anafika hospitalini. Tofauti haimo mawinguni.

Katiba ya 2010 na serikali za kaunti zilizoanza 2013 zimebadilisha sehemu ya hesabu hii. Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kujaribu mfuko wa tabianchi ambao kamati za wadi huchagua miradi yake zenyewe, na wazee wa dedha wakarudishwa mezani. Lami ya Isiolo hadi Moyale imekamilika, nayo huuvuka Ewaso Ng'iro pale Archers Post bila kujali majira. Ila lami hiyo inaelekea kaskazini. Anayeshuka na mto kwenda Merti na Korbesa anaiacha nyuma na kuingia njia ya vumbi, ileile inayogeuka tope. Baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokosekana tangu 2020, El Niño ya mwisho wa 2023 iliyashukia maeneo haya, na barabara za kaskazini zikakatika kama zilivyokatika 1997.

Kwa hiyo wanaopanga bajeti ya barabara za Isiolo wasianzie na kilomita za lami za kuzinduliwa kwa utepe. Waanzie na vivuko vya laga kati ya mji wa Isiolo, Merti na Korbesa: madaraja mafupi, kalvati pana, tuta lililoinuliwa kwenye udongo mweusi. Na vipimo vya maji vya Archers Post visomwe redioni, kwa Kiborana, kila mvua inaponyesha mlimani, ili mama wa Korbesa ajue mapema ni siku ngapi zimebaki za kuwahamisha mbuzi.